BUIBUI WANAOKULA BUIBUI
Somo kwa wakulima wa Tenke na vijiji vya kando

Wasomaji, siku moja asubuhi simameni nyuma ya ghala la mahindi, jua likiwa bado chini. Mtaona utando wa buibui umefungwa kati ya mti wa ghala na majani ya mihogo. Jana mwenyewe alikuwa katikati, mnene, akingoja nzi. Leo haonekani. Katikati ya utando kuna kitu kidogo cha rangi ya udongo, kama kipande cha jani kavu kilicholetwa na upepo. Mtu asiyejua atapita. Mtu mwenye haraka atachukua fagio na kuondoa vyote. Lakini yeye aliyejifunza kutazama atangoja kidogo, naye ataona jani lile likiinua mguu.

Si jani. Ni buibui mwingine, naye anamla mwenye nyumba.

Somo hili ni habari za buibui wa namna hiyo, wale ambao chakula chao ni buibui wenzao. Mtauliza: "Habari hizi zafaa nini kwa mtu wa jembe?" Zafaa sana. Kila siku mkulima anahukumu wanyama wadogo wa shamba lake: huyu auawe, huyu aachwe. Mara nyingi anahukumu bila kusikiliza shauri. Na huyu mla-buibui ni shauri gumu, kwa maana anakula wale wanaotusaidia. Tukiweza kukata shauri lake vema, mashauri mengine ya shamba yatakuwa mepesi.

1. BUIBUI NI MNYAMA GANI?

Buibui si mdudu kama nzige au nzi. Hesabuni miguu. Mdudu ana miguu 6, buibui ana miguu 8. Mwili wa mdudu una sehemu 3, mwili wa buibui una sehemu 2. Buibui hana mabawa, tena hana zile pembe za kupapasia ambazo wadudu wanazo kichwani. Mbele ya kinywa ana meno mawili, na karibu buibui wote wana sumu ndani ya meno hayo. Hawezi kumeza tonge kama sisi tunavyomeza bukari. Hutoa maji ya tumboni mwake juu ya nyama, nyama inalainika na kuyeyuka, kisha anainyonya.

Buibui hali mahindi yenu, wala hatoboi majani ya mihogo. Akiwa katika sombe, amekuja kutafuta wadudu wanaokula sombe. Tena kazi yake si ndogo. Katika mwaka 2017 wataalamu wawili walifanya hesabu, wakaona kwamba buibui wote wa dunia hula nyama ya tani milioni 400 hata milioni 800 kila mwaka, na sehemu kubwa yake ni wadudu. Tani moja ni kilo 1,000. Na jamii za buibui zilizokwisha kupewa majina na wataalamu zilifika 50,000 katika mwaka 2022.

Katika jamii hizo nyingi, wengi hula buibui wenzao wakipata nafasi. Mke humla mume, mkubwa humla mdogo, ndugu waliotoka katika yai siku moja hulana. Lakini hao hula hivyo kwa sababu ya njaa au kwa kukutana tu. Sisi tunataka kusema habari za wale ambao hiyo ndiyo kazi yao.

2. UTANDO NI JICHO NA SIKIO

Ili kufahamu hila ya mwindaji, fahamuni kwanza maisha ya mwenye utando.

Buibui wengi wanaofuma utando hawaoni vema. Wana macho, mara nyingi 8, lakini macho hayo huwaonyesha kidogo tu. Utando ndio jicho lao, tena ndio sikio lao. Mwenyewe hukaa ameweka miguu juu ya nyuzi. Nzi akinaswa, nyuzi hutetemeka kwa namna ya nzi. Jani likianguka, hutetemeka kwa namna ya jani. Upepo ukivuma, utando wote huyumba pamoja. Naye hujua: hiki ni chakula, hiki ni takataka, huu ni upepo tu. Buibui mume akija kutafuta mke, katika jamii nyingi hupiga nyuzi kwa namna yake, ili asidhaniwe kuwa chakula.

Basi ukimpata mtu anayeona kwa nyuzi, unaweza kumdanganya kwa nyuzi. Hapo ndipo hila inapoanza.

3. MGENI ANAYEBISHA HODI

Mwindaji anayejulikana kuliko wote, wataalamu humwita Portia. Yeye ni wa ukoo wa buibui warukaji, wale wadogo mnaowaona ukutani wakigeuka kuwatazama watu. Macho mawili ya mbele ni makubwa kuliko mengine, tena yanaona vema sana. Portia zipo za namna nyingi katika Afrika, Asia na Australia. Katika Afrika wanajulikana sana Portia schultzi na Portia africana, na wote wawili wameonekana katika Afrika ya Kati.

Mwili wake ni mdogo, haufiki urefu wa punje ya hindi. Manyoya yake yamesimama ovyo ovyo, rangi yake ni ya majani yaliyooza. Akitembea, anakwenda polepole na kwa kusitasita: mguu mmoja, anasimama, mguu wa pili, anasimama. Akikaa kimya, hukunja miguu, nanyi mnaona takataka tu. Buibui wengine warukaji wakimwona hawamfahamu kuwa mnyama.

Angalieni sasa anavyowinda. Anafika pembeni ya utando wa mwenzake. Hakimbilii katikati, kwa maana huko atakufa: mwenye nyumba mara nyingi ni mkubwa kuliko yeye. Anaweka mguu juu ya uzi, anaupiga kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Anangoja. Mwenye nyumba asipojibu, anapiga kwa namna nyingine. Asipojibu tena, anabadili tena. Siku moja anaiga mdudu mdogo aliyenaswa, siku nyingine anatikisa utando wote. Akiona mwenyewe amegeuka na kusogea, basi ile namna iliyofaa anaishika na kuirudia, marra nyingi, mpaka mwenye nyumba afike karibu. Hapo anaruka na kumwuma. Sumu yake ni kali sana kwa buibui.

Tena anajua kutumia upepo. Upepo ukitikisa utando, anakwenda mbele hatua kadhaa. Upepo ukinyamaza, naye anasimama. Hatua zake zinafichwa ndani ya upepo, na mwenye nyumba hasikii kitu.

Na kama njia ya mbele ni mbaya? Anazunguka. Anaacha utando, anashuka chini, anapita fasi ambapo hamwoni tena yule anayemwinda, anapanda mti mwingine, kisha anatokea juu yake. Halafu anajishusha kwa uzi wake mwenyewe, bila kugusa utando hata kidogo, mpaka awe karibu naye, na kumkamata. Wataalamu walitaka kujua kama anafanya hivyo kwa bahati au kwa akili. Katika mwaka 1997 Tarsitano na Jackson waliandika habari ya majaribu yao. Walimweka Portia juu ya kijiti, mbele yake wakaweka chakula, na njia mbili za kuzunguka: moja inafika kwenye chakula, moja haifiki. Alitazama kwanza toka juu, kisha akashuka fasi ambapo hakuona chakula tena. Hata hivyo mara nyingi alichagua ile njia inayofika.

Katika Ufilipino Portia huwinda buibui mmoja wa hatari, ambaye hutema gundi toka kinywani na kumfunga adui mbali. Kwa hiyo Portia humwendea kwa nyuma. Lakini buibui yule akiwa mke mwenye mayai, hubeba mayai yake kinywani. Kinywa kimejaa, kutema kunakuwa kazi. Portia akimwona hivyo, humwendea kwa mbele, kwa kuwa njia hiyo ni fupi na hatari imepungua.

Lakini msifikiri kwamba mjanja hushinda siku zote. Mara nyingine mwenye utando anamwahi, na yule aliyekuja kula analiwa. Mwinda huwindwa.

4. WENGINE WANAOFANYA KAZI HIYO

Haramia. Hawa ni ukoo wao wenyewe, wataalamu huwaita Mimetidae. Hawafumi utando wa kukamata chakula. Miguu yao ya mbele ina safu ya miiba, mirefu na mifupi kwa zamu, kama meno ya chanuo lililovunjika. Nao huvuta nyuzi za mwenzao kumwita. Akija, wanamzunguka kwa miguu ile ya miiba na kumwuma mguuni. Sumu yao humlegeza buibui upesi sana.

Wenye miguu mirefu. Ninyi nyote mnawajua wale wembamba wanaokaa kwenye pembe za nyumba na chini ya bati, ambao ukiwagusa hutikisika mpaka huwaoni vema. Mmoja wa ukoo huo, Pholcus phalangioides, ametazamwa sana katika nyumba za Ulaya na kwingine. Ana namna yake ya kupigana: husimama mbali na kumtupia adui nyuzi kwa miguu ya nyuma, mpaka adui afungwe, ndipo amwume. Hivyo anaweza kumshinda buibui mwenye nguvu kuliko yeye. Chakula kikipungua kwake, anaweza kutoka na kuingia katika utando wa jirani.

Wenye miguu minene. Hawa ni Palpimanidae, nao wapo wengi katika Afrika. Hukaa chini, kati ya mawe na majani makavu. Miguu ya mbele ni minene na ina manyoya yanayonata, ya kumshika adui asiponyoke. Ngozi ya kifuani ni ngumu kama ngao, meno ya adui hayapiti upesi.

Wezi wadogo. Katika utando mkubwa wa rangi ya dhahabu, ule unaofungwa kati ya miti wakati wa mvua, tazameni pembeni. Mtaona buibui wadogo sana, wengine wanang'aa kama fedha. Hao ni Argyrodes. Kazi yao ni wizi: wanakula nzi wadogo ambao mwenye utando amewaacha. Lakini siku mwenye utando anapovua ngozi na mwili wake ni laini, wanaweza kumla yeye mwenyewe.

5. HABARI ZA MBITA

Pwani ya ziwa Victoria, katika nchi ya Kenya, kuna fasi iitwayo Mbita. Huko kuna kituo cha wataalamu wa wadudu cha ICIPE, kazi iliyoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya. Katika kituo hicho Robert Jackson na Fiona Cross, walimu waliotoka New Zealand, pamoja na wasaidizi wa huko, walimtazama Portia africana kwa miaka mingi.

Huko Mbita, juu ya kuta, mawe na magome ya miti, anakaa buibui mdogo sana jina lake Oecobius. Hufuma vijumba bapa, vijumba vingi pamoja, kama kijiji. Watoto wa Portia huja kuwavizia. Mtoto mmoja husimama karibu na kijumba, akingoja mwenyewe atoke. Mara nyingine mwingine anakuja kusimama naye. Mmoja akikamata, wa pili anakaribia na kula pamoja naye. Wataalamu waliandika habari hiyo mwaka 2008.

Katika mwaka 2012 waliandika jambo la ajabu zaidi. Mtoto wa Portia akifika kwenye kijumba, hutazama kwanza wenzake wangapi wamekwisha kufika. Akiona hakuna mtu, si fasi anayoipenda. Akiona wawili au watatu, vilevile. Akiona mmoja tu, ndipo anapenda kukaa. Ni kama anasema: "Mmoja atanisaidia, wengi watanimalizia chakula." Kitu kisichofika ukubwa wa punje ya mtama kinapambanua mmoja na wawili.

Huko huko Mbita anaishi buibui mwingine mrukaji, Evarcha culicivora, aliyepewa jina mwaka 2003. Yeye hupenda mbu kuliko chakula kingine, hasa mbu mke aliyekwisha kunywa damu, hasa wale wanaoleta malaria. Basi mwaona: juu ya ukuta mmoja anaweza kuwako anayekula mbu, na anayekula buibui.

6. JE, HUYU NI ADUI YETU?

Sasa tukate shauri. Mtu mmoja atasema: "Buibui hula wadudu, ni rafiki. Portia hula buibui, basi ni adui. Auawe." Maneno haya yanaonekana kuwa sawa, lakini yana makosa. Sikilizeni mambo matatu.

Jambo la kwanza. Mla-wawindaji ni wachache siku zote. Chui ni wachache kuliko swala, na wawinda-buibui ni wachache kuliko buibui. Hawamalizi kabila. Wakikosa chakula, wao ndio wanaopungua kwanza.

Jambo la pili. Tuliliona katika nchi yetu. Karibu na mwaka 1973, pande za Kinshasa na Brazzaville, kilionekana kidudu cheupe kilichotoka Amerika, kikakausha vichwa vya mihogo, na njaa ikaingia katika nyumba nyingi za Afrika. Wataalamu, na mmoja wao Hans Herren, walitafuta adui yake katika nchi alikotoka. Katika Paraguay wakapata nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya kidudu kile. Nyigu aliachiliwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingi, na mihogo ikapona. Lakini angalieni: baada ya kufika, nyigu yule naye alipata adui zake wa Afrika waliomla. Watu waliogopa kwamba kazi itaharibika. Haikuharibika. Mwenye kula msaidizi hakumaliza msaidizi.

Jambo la tatu, nalo ni kubwa. Adui wa kweli wa buibui wetu si Portia. Ni dawa ya sumu inayomwagwa bila kujua, na moto, na fagio lisilochagua. Portia akiingia katika shamba lenye buibui 100, anakula mmoja, anapumzika. Sumu ikiingia, inaua wote 100, na Portia pamoja nao. Kisha wadudu wabaya wanarudi kwanza, kwa sababu wao huzaa upesi, na hakuna aliyebaki kuwala. Katika Indonesia wakulima wa mpunga waliona hivyo. Kila walipozidisha dawa, kidudu cha mpunga kilizidi, kwa kuwa dawa iliua buibui waliokuwa wakikila. Mwaka 1986 serikali yao ilikataza dawa 57 katika mashamba ya mpunga.

Basi hukumu yetu ni hii: mla-buibui si rafiki wala adui. Ni jirani. Yeye anakula wachache, hatuharibii shamba, tena kuwako kwake ni alama kwamba buibui wengine wapo wa kutosha. Fasi ambayo haina mwindaji wa buibui, ulizeni kwanza kama buibui wenyewe wapo.

Lakini neno moja tusilisahau. Buibui hachukui fasi ya chandarua. Homa ya malaria inaua watoto. Kila mtoto alale ndani ya chandarua, hata kama ukuta umejaa buibui.

7. NAMNA YA KUTAZAMA

Hapa Tenke kazi hii haitaki fedha. Fanyeni hivi.

a) Chagueni fasi tatu: ukuta mmoja wa nyumba, kando moja ya shamba la mihogo, na mti mmoja porini au kichuguu kimoja.

b) Nendeni asubuhi, wakati umande unapoonyesha nyuzi. Simameni mahali ambapo kivuli chenu hakifuniki utando. Msipulize pumzi juu yake.

c) Mkiona takataka katikati ya utando, msiiondoe. Hesabuni polepole mpaka 300. Takataka ya kweli haitembei.

d) Msishike buibui kwa mkono mtupu. Wengi hawadhuru watu, lakini wachache wana sumu mbaya. Tumieni kijiti au jani.

e) Andikeni katika daftari: siku, saa, fasi, nani anakula nani. Watoto wa shule wanaweza kufanya kazi hii vema kuliko wazee, kwa kuwa macho yao ni mapya na hawachoki kuchuchumaa.

f) Ndani ya nyumba ondoeni utando wa zamani uliojaa vumbi, na juu ya chakula ondoeni wote. Lakini katika pembe za juu na nje chini ya paa, acheni.

g) Kando ya shamba acheni mstari wa majani na vijiti usiochomwa wakati wa jua. Yeye mwenye sura ya majani makavu hawezi kujificha fasi isiyo na majani makavu. Hapa kwetu miti mingi imekatwa kwa makaa, na vilima vimechimbwa kwa shaba. Kwa hiyo mstari mdogo kando ya shamba ni kitu kikubwa kwao.

8. MASWALI

1. Onyesheni mambo mawili yanayompambanua buibui na mdudu.
2. Kwa sababu gani tunasema utando ni jicho na sikio la mwenyewe?
3. Portia akibisha hodi na mwenye nyumba hajibu, anafanya nini?
4. Kwa sababu gani Portia wa Ufilipino huenda kwa mbele akiona mke mwenye mayai?
5. Jirani yako anataka kumwaga dawa ukutani, kwa kuwa ameona buibui akila buibui. Utamwambia nini?

Swali la 5 msilijibu kwa kalamu. Mwendeeni jirani, simameni naye mbele ya ukuta, mwonyesheni, naye ajionee kwa macho yake.